Filamu za taratibu zisivutwe wala kukatwa

Mhariri,

Mwenye kibanda cha video hapa Lindi akitaka kuonyesha Tokyo Story, filamu ya mwongozaji Mjapani Yasujiro Ozu (1953), kwanza aiweke runinga kwenye 4:3, yaani umbo la picha la zamani, upana nne kwa kimo tatu. Akiivuta picha ijaze kioo, nyuso zinapanuka na mpangilio wote unaharibika. Kamera ya Ozu hukaa chini, kama macho ya mtu aliyeketi mkekani. Itafsiriwe, sawa, lakini anayetafsiri anyamaze pasipo na maneno. Mwishoni mzee aliyefiwa na mke amekaa peke yake, anajipepea, na boti inapita kwa mbali. Hapo sauti ya mtu ikiingia, filamu imekufa! Ni dakika 136, kwa hiyo ianze baada ya Isha, wakati mwanga haupenyi tena kwenye matundu ya mabati.

Mpenzi wa filamu,
Lindi