Sharubati Iliyokuwa Dawa: Barua kwa Mwanangu Salma

Mwanangu Salma,

Asalaam alaikum. Huku Mombasa sote wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kwa nini bibi yako huiita Rooh Afza, ile sharubati nyekundu ya waridi, dawa, na wewe waiona ni sukari na rangi tu. Kwa kuwa unasomea ufamasia, nataka umjibu bibi kwa heshima, maana hakukosea kabisa.

Ile chupa nyekundu tunayofuturia ilitoka kwa tabibu. Mwaka 1907, Delhi, Hakim Hafiz Abdul Majeed alichanganya waridi na mitishamba mingine ya kupoza mwili ili kuwasaidia watu na joto kali la kiangazi. Naye alifuata njia ya zamani mno.

Nenda nyuma hadi Cairo, mwaka 1260. Al-Kuhin al-Attar, Myahudi mwenye duka la dawa, alimwandikia mwanawe kitabu cha kazi hiyo. Hili hunigusa kila nikilikumbuka, mzazi kumwachia mtoto elimu ya duka lake. Mle mna namna ya kupika sharubati za dawa, namna ya kupima dawa usije ukauziwa bandia, na adabu za mwenye duka: amche Mungu na awe mwaminifu, kwa kuwa mgonjwa hana njia ya kujua kilichomo ndani ya chupa.

Sukari haikuwa ya utamu tu. Majani mabichi hunyauka na maji yake huchacha, lakini ukiyatia kwenye shira nzito yanakaa miezi, kwa kuwa sukari nyingi huvinyima vijidudu maji. Wewe mwenyewe umefundishwa kwamba shira ya kawaida ya famasia ni sukari theluthi mbili kwa uzani. Basi wale wauza dawa wa zamani walilijua hilo kwa mikono yao.

Chukua sekanjabini, sharubati ya Waajemi ambayo Ibn Sina, yule tabibu mashuhuri wa zamani, naye aliiandikia. Siki na sukari, au asali, huwekwa juu ya moto mdogo. Povu linaenguliwa, na tena linaenguliwa, mpaka tone ukilidondosha kwenye sahani lisitawanyike. Nanaa hutiwa sufuria ikishaepuliwa, kwani ikichemka sana harufu yote hupotea. Ikipoa hutiwa chupani, na mnywaji huizimua kwa maji baridi. Wagonjwa wa homa walipewa hiyo, na naamini iliwafaa angalau kwa kuwafanya wanywe maji ya kutosha.

Karne ya 12, Gerard wa Cremona alikitafsiri kitabu cha tiba cha Ibn Sina kwa Kilatini kule Toledo, Uhispania, na maduka ya dawa ya Ulaya yakajaa shira na vinywaji vya kutia moyo nguvu. Watawa wa Ufaransa wao walitumia pombe kuhifadhi mitishamba. Hiyo haituhusu sana.

Sasa, babu yako ana sukari, na bibi humjazia gilasi akidhani anampa afya. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Mimi nikisema hanisikii. Ukija likizo, kaa naye, msifie elimu ya matabibu wa zamani kwanza, kisha mwoneshe lebo na kiasi cha sukari kilichoandikwa. Mwambie babu atengenezewe maji ya nanaa na ndimu, bila shira.

Na kile kipimo cha tone kwenye sahani, mwulize mwalimu wako kama maabara bado wanakitumia, unijuze.

Mamako