Si chumvi zote ni za kati: tazameni ioni, si wazazi

Ndugu Mhariri,

Msimu wa mitihani ukikaribia, kurasa za maswali na majibu ya kemia hurudia jibu lile lile: asidi na besi zikikutana huuana, hubaki chumvi na maji, kwa hiyo mmumunyo wa chumvi ni wa kati, yaani si asidi wala besi. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili huwanyima watahiniwa alama, na mpishi yeyote wa Ngamiani hapa Tanga aliyewahi kutia magadi kwenye mlenda anaweza kuikanusha. Magadi ni chumvi, sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu, na maji yake huteleza vidoleni kama ya sabuni. Ni besi.

Wapo wanaorekebisha kosa hilo kwa kanuni ya mwenye nguvu mpishe: tazama asidi na besi zilizoizaa chumvi, iliyo kali ndiyo hushinda. Kanuni hii hupatia mara nyingi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, maana mwanafunzi huiamini hadi siku inapomwangusha. Isitoshe, humfanya aandike kwamba ioni ya sodiamu, yaani chembe yake yenye chaji, huyavunja maji na kuunda haidroksidi ya sodiamu. Haiwezi. Haidroksidi ya sodiamu ni besi kali, ikiingia majini huachana yote. Sodiamu imo humo inatazama tu.

Njia isiyoangusha ni kuivunja chumvi na kuihoji ioni moja moja. Chukua asetati ya sodiamu gramu 8.2, iyeyushe upate lita 1, yaani moli 0.1 kwa lita. Sodiamu tumeshaiweka kando. Asetati imetoka kwenye asidi ya siki, ambayo ni hafifu: haiachii protoni yake (ioni ya haidrojeni) kirahisi. Basi asetati ikiikosa protoni hiyo, huidokoa kutoka kwenye maji, na maji yaliyodokolewa huacha haidroksidi. Gawanya kipimo cha maji kujivunja, 1.0 × 10⁻¹⁴, kwa kipimo cha uasidi cha asidi ya siki, 1.8 × 10⁻⁵, utapata kipimo cha ubesi cha asetati, 5.6 × 10⁻¹⁰. Zidisha kwa 0.1, tafuta kipeuo cha pili: haidroksidi ni moli 7.5 × 10⁻⁶ kwa lita, na pH (mizani ambayo 7 ni kati, chini yake asidi, juu yake besi) ni 8.9. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema wahenga, lakini huyu wa siki katoka besi.

Hesabu hiyo inafichua kosa jingine, lile la kusema asidi hafifu huzaa besi kali. Katika kila ioni 13,000 hivi za asetati, ni moja tu iliyochukua protoni. Asetati ni besi hafifu sana. Inatosha kusogeza pH, basi.

Ili kujua ioni zipi ni watazamaji, kariri orodha mbili fupi. Asidi kali: haidrokloriki, haidrobromiki, haidroiodiki, nitriki, pakloriki na salfuriki kwa protoni yake ya kwanza. Besi kali: haidroksidi za lithiamu, sodiamu, potasiamu na wenzao wa safu hiyo, pamoja na kalsiamu, strontiamu na bariamu. Kloridi, naitreti, sodiamu, potasiamu hazifanyi lolote. Ndiyo maana chumvi ya mezani ni ya kati. Maji ya bahari pale Sahare yana pH ya 8.1 hivi, lakini tusiisingizie chumvi hiyo. Inayofanya kazi hiyo ni bikaboneti iliyomo.

Upande wa asidi, amonia ndiyo mfano wa kila siku. Kloridi ya amonia gramu 5.35 kwa lita hutoa pH ya 5.1, kwa kuwa ioni ya amonia huyapa maji protoni. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) hufuata mkondo huo huo. Lakini mkulima asichanganye mambo: shamba linalochachuka baada ya miaka ya SA limechachushwa zaidi na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti.

Kanuni ya wazazi huwachanganya wengi zaidi kwenye shabu, ambayo ni chumvi ya aluminiamu. Ioni ya aluminiamu huzungukwa na molekuli sita za maji, na chaji yake ya +3 huzivuta elektroni kwa nguvu hadi moja ya molekuli hizo iachie protoni. Kipimo chake cha uasidi ni 1.4 × 10⁻⁵, karibu sawa na siki! Chuma cha +3 huzidi hapo. Anayetuliza maji ya tope kwa shabu aelewe kwamba shabu hula bikaboneti ya maji ili kufanya mabonge yanayozama na tope. Maji yakiwa hayana bikaboneti ya kutosha, kama ya mvua, pH hushuka, mabonge hayashikani, na kuongeza shabu huharibu zaidi. Hapo hutiwa chokaa kidogo.

Kuna pia chumvi zilizobaki na haidrojeni. Kuwa nayo hakumaanishi kuwa asidi. Bikaboneti ya sodiamu ina pH ya 8.3, kwa sababu uwezo wake wa kupokea protoni (2.3 × 10⁻⁸) umeupita mbali ule wa kutoa (4.7 × 10⁻¹¹). Bisalfeti ya sodiamu, kwa moli 0.1 kwa lita, hufika pH ya 1.5. Mlinganisho huo huo hutumika ioni zote mbili zinapofanya kazi: asetati ya amonia ina 5.6 × 10⁻¹⁰ kila upande, ikatoka 7 kamili. Ni bahati ya namba tu, kwani floridi ya amonia, iliyotokana pia na hafifu wawili, huegemea asidi.

Shule isiyo na litimasi, karatasi ya kupimia asidi na besi, itumie manjano. Loweka kijiko cha chai kimoja katika vijiko vinne vya spiriti, chuja, chovya karatasi nyeupe, anika kivulini. Kwenye magadi au sabuni itageuka nyekundu ya matofali, kama doa la mchuzi kwenye kanzu linavyokuwa jekundu likiguswa na sabuni. Limau hulirudisha njano. Udhaifu wake ni kwamba manjano haitofautishi asidi na kati: SA na chumvi ya mezani zote zitaacha njano. Kwa hizo tafuta kabichi ya zambarau. Rosela nayo hutumika, lakini ina ukali wake mwenyewe, ikizidi matone machache huimeza pH ya mmumunyo hafifu.

Na maji ya kuyeyushia yachaguliwe. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa, kama ya upande wa Amboni, kina bikaboneti itakayofanya hata chumvi ya mezani ionekane besi. Maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa) yakikaa wazi hunywa kabonidayoksaidi ya hewani na kushuka hadi 5.6 hivi, ukadhani chumvi ile ile ni asidi. Yaliyotoneshwa yachemshwe dakika kumi, yapoe chupani ikiwa imefungwa, na yapimwe yenyewe kwanza kabla ya kutia chochote.

Walimu wa kemia,
Tanga