Mdogo wangu uliye Dar, sijatia saini na sitii

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma hujibu, basi nimeona nikuandikie hapa. Najua mkeo atasoma, na asiposoma yeye watu wa kwetu watakufikishia. Mama hajambo. Goti linamsumbua bado akipanda ngazi, lakini ile dawa uliyoleta safari iliyopita imemfaa sana, na kwa hilo nakushukuru mbele ya watu.

Nimeambiwa huko unasema dada yako kang'ang'ania gofu Mji Mkongwe, hataki maendeleo, kwa kuwa sijatia saini ile karatasi yako ya nyumba aliyotuachia baba. Kati ya Malindi ya hapa Unguja na Dar ni kama saa mbili tu za boti, maneno yanavuka na abiria. Mtu aliyekwenda Maskati anajua kahama. Anaaga, anaomba radhi, na mambo ya nyumbani anamwachia aliyebaki. Wewe umekwenda Dar, mji wa watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, umejenga maisha yako huko, na papo hapo unajiona bado unaishi hapa mtaani kwetu Kiponda kwa kuwa Ijumaa unaingia na Jumapili unarudi. Nyumba hii unaijua kwa kiangazi na sikukuu. Hujapata kuamka usiku wa masika kuhamisha godoro la mama kwa sababu maji yanashuka ukutani.

Kwa kuondoka sikulaumu, na hili naomba uliamini. Nakumbuka ile Disemba ya 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika, kisiwa kizima kikawa gizani mpaka Machi. Karakana yako ya kuchomea ikasimama, mitungi imekaa, vijana wako umewarudisha kwao. Pampu hazipandishi maji, na wewe ndiye uliyekuwa ukiteka kisimani na kupanda na ndoo mbili ngazi zote zile, asubuhi na jioni, kisha unateremka kuwachotea na majirani wazee. Baba alikuwa anakuangalia tu, halafu anakuombea dua. Mwisho ulisema unakwenda Dar kwa muda, mahali penye umeme. Umeme ulirudi, wewe hukurudi. Ulikuwa kijana, una haki ya riziki yako. Sijapata kukusema kwa hilo, na anayekwambia nimekusema mwulize nilisema mbele ya nani.

Ninachoshindwa kukusamehe unakijua.

Siku ile mama yumo edani. Arubaini ya baba haijafika. Amekaa chumba cha nyuma, nguo nyeupe, mlango umerudishwa nusu ili apate hewa. Mimi niko jikoni nakuna nazi, nasikia viatu ukumbini. Viatu, ndani ya nyumba, juu ya jamvi lililosomewa hitma. Natoka nakukuta na mwanamme wa kando, simjui, ameshika futikamba, na wewe mdogo wangu umeshika ncha ya pili. Mnapima ukumbi. Akasema kwa sauti kabisa, "Hapa tunatoa vyumba sita, kila kimoja na choo chake." Akagonga ukuta kwa mkono, lipu ikamwagika kwenye mto wa baba, ule aliokuwa akiuegemea akisoma. Na wewe ukacheka naye. Sijui mlicheka nini.

Mama akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamjibu ni fundi wa umeme. Ningemjibu nini? Kwamba mwanawe kamwingiza mwanamme nyumbani na yeye yumo edani, ampimie nyumba ya mumewe ambaye kaburi lake halijakauka? Nilimficha ili akupende kama alivyokuwa akikupenda, na hadi leo hajui, isipokuwa mtu amsomee barua hii. Akisomewa, basi. Nimechoka kuibeba peke yangu.

Unasema mimi sielewi biashara. Nielewe nisielewe, ukuta naujua. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Juu zimebebwa na boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ukuta wa namna hii unanywa maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi havina pa kutokea, vinakula jiwe kwa ndani huku nje panang'ara. Halafu ncha ya boriti iliyoingia ukutani inaoza, na ikioza hupati habari mpaka sakafu ishuke. Sasa wewe na mtu wako mnataka vyoo sita na mabomba yake juu ya boriti hizo, na maji ya viyoyozi yadondokee ukutani mchana na usiku. Hata huo mpango wenyewe hamjaupeleka Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyopo tokea 1985, ambao ndio wenye kutoa ruhusa. Baba hakuwahi hata kutundika rafu bila kumwita mwashi.

Beit el Ajaib tuliiona wote. Jumba la Sayyid Barghash la 1883, sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Ulinipigia siku ile. Neno lako la kwanza uliuliza nyumba yetu imepata ufa au haikupata. Baadaye ndipo ukamuuliza mama. Nilikujibu nyumba nzima na mama mzima, nikanyamaza, na wewe hukujua kwa nini nimenyamaza.

Tena, hukuuliza nani amebaki. Nyumba inayotazamana na yetu imeshakuwa hoteli. Baraza walipokuwa wakikaa wazee na kahawa zao imewekwa vyungu vya maua ili mtu asikae. Wengine wamehamia Fuoni, wengine Chukwani, wengine wako huko huko kwenu. UNESCO wameuandika mji huu Urithi wa Dunia mwaka 2000, wageni wanapita chini ya dirisha letu wanaupiga picha mlango, na mimi nafurahi ukipigwa picha, ni mlango mzuri. Lakini baba alipofariki usiku ule walionijia ni watu wa mtaani, wale wachache. Wao ndio waliochota maji ya kuoshea, wao ndio waliobeba jeneza wakipokezana vichochoroni mpaka msikitini. Wewe ulifika na boti ya asubuhi, maiti imeshakafiniwa. Ukiifanya na hii yetu hoteli, siku ya mama nani atagongewa mlango? Nijibu hilo tu, mengine yaache.

Kuhusu mafungu, Kadhi ameshatugawia na mimi sikusema neno. Mama thumuni yake, kilichobaki wewe mawili, mimi moja. Ni hukumu ya Mungu, naikubali kwa moyo mweupe. Lakini mawili yako hayakupi idhini ya kuuza moja langu wala thumuni ya mama, ndiyo maana ile karatasi uliyomtuma mtoto alete nimeiweka kabatini bila saini. Na kufuli la mlango wa chini, ndiyo, nimelibadilisha. Sheha wa mtaa anajua, nilimwambia kabla. Ufunguo wako upo, uje uuchukue mwenyewe, si kumtuma mtu.

Na hii habari ya kodi ya duka. Umewaambia kina shangazi kuwa nakula kodi ya duka la chini. Ndugu yangu, miaka yote baba anaumwa hukuuliza kodi ile inakwenda wapi. Ilikwenda kwenye sindano zake, na ikalipa mabati ya upande wa roshani. Risiti zote ninazo kwenye kopo la biskuti, na nikitaka ningeziweka hapa watu wazione. Nimekaa nyumba hii nikiwa mke, nikiwa mjane, nikiwa muuguzi wa baba, na sasa wa mama. Posa zilikuja, nikazikataa kwa kuwa walinitaka nihame. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini usiniambie nimekaa bure.

Ushauri wangu, kama utaupokea kwa dada yako mkubwa: anza na paa. Paa likikauka ukuta utapona wenyewe taratibu. Baadaye tukitaka kupangisha, tupangishe chumba cha juu kwa mwalimu au daktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, mtu atakayeamkiana na majirani. Fedha itakuwa ndogo kuliko ya wageni, najua, nimepiga hesabu kabla yako.

Yule mtoto wenu jicho lake limepona? Mama anamuuliza kila siku na mimi namjibu limepona, mnisamehe kama bado.

Chokaa nimeshanunua, imelowekwa kwenye shimo la uani, na mwashi anataka kuanza kabla ya masika. Boriti mbili za juu ya ngazi zimeoza, lazima zitolewe. Hizo nimemwambia ni juu yako kulipa, kwa kuwa fungu lako ni kubwa na kwa kuwa wewe ni mwanamme wa nyumba hii. Atakupigia mwenyewe wiki ijayo. Mpokee simu, na ukija kuziangalia njoo siku ya kazi, ulale hapa, na usije na yule mtu.

Dada yako