Kulalamika Barazani si kudai fidia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wagonjwa wengi walioumizwa na matibabu hulitambua wakati umekwisha kuwatupa mkono, nalo ni kwamba kumlalamikia daktari mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika na kudai fidia ni njia mbili tofauti. Baraza, ambalo sasa linaongozwa na sheria ya mwaka 2017, hushughulikia nidhamu ya taaluma. Laweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta katika daftari la madaktari, lakini halimlipi mgonjwa hata shilingi. Fidia hutolewa na mahakama, au hupatikana kwa maelewano, na Sheria ya Ukomo, inayoweka mwisho wa muda wa kufungua shauri, humpa anayedai kwa uzembe miaka 3 tu. Hospitali ikiwa ya Serikali, mgonjwa hana budi kwanza kutoa notisi ya siku 90, nakala ampelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo shauri lifunguliwe Mahakama Kuu.

Shemeji yangu, aliyejifungua kwa upasuaji, alikaa na maumivu kwa miezi mingi hadi alipopasuliwa tena katika hospitali nyingine na kutolewa kitambaa cha kufutia damu kilichosahauliwa tumboni. Alimwandikia mganga mfawidhi wa hospitali ya kwanza, akajibiwa asubiri, akasubiri. Alipoomba nakala ya faili lake, karani wa masjala alimwambia kuwa faili ni mali ya hospitali. Alichobaki nacho ni karatasi ya ruhusa iliyoandikwa kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri. Wakili tuliyemwendea hakuanza na habari za maumivu. Aliuliza tarehe ya upasuaji, kisha akauliza iko wapi ripoti ya upasuaji wa pili.

Alikuwa na sababu. Mdai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba daktari alishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mwenzake wa fani hiyo hiyo, na kwamba madhara yametokana na upungufu huo, si na ugonjwa wenyewe. Kidonda kinaweza kuoza hata katika mikono ya bingwa mwangalifu, na huo hauitwi uzembe. Yaliyotokea katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili Novemba 2007, ambapo wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, hayakuhitaji mtaalamu wa kueleza kosa liko wapi. Mengi hayako wazi hivyo. Yanahitaji daktari mwingine asimame kizimbani kumsema mwenzake, na wa kukubali hapatikani kwa urahisi. Ndiyo maana faili lina thamani kuliko barua kumi za malalamiko.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila hospitali ibandike mapokezini, kando ya sanduku la maoni, tangazo linaloeleza Baraza linafanya nini na halifanyi nini, muda wa kufungua shauri, na mahali asiye na uwezo anapoweza kuomba msaada wa kisheria. Vilevile iweke idadi ya siku ambazo mgonjwa lazima awe amepewa nakala ya faili lake, lisiwe jambo la hisani ya karani.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam