Msizizike timu mwezi wa Aprili

Mhariri,

Nafuatilia ukurasa wenu wa michezo tangu ligi kuu ya besiboli ya Marekani ianze msimu wa 2026, na nashukuru kwamba mchezo huu umepewa nafasi. Kinachoniuma ni hukumu za haraka. Timu zimecheza mechi ishirini hivi kati ya 162, na tayari tunaambiwa nani ataonekana kwenye mchujo wa Oktoba wa kumpata bingwa na nani ajipange kwa mwakani.

Tuangalie mwaka jana tu. Milwaukee Brewers walifungua msimu kwa kupoteza mechi nne mfululizo, na katika mojawapo Yankees waliwachapa 20-9 na kuupiga mpira nje ya uwanja mara tisa. Aliyewaona siku ile angeapa kwamba wamekwisha. Walimaliza na ushindi 97, na hakuna timu iliyowazidi katika ligi nzima. New York Mets walipita njia ya kinyume: katikati ya Juni walikuwa wameshinda 45 na kupoteza 24, kisha wakaporomoka hadi wakaukosa mchujo siku ya mwisho kabisa.

Mimi ni wa Seattle Mariners, na naishi humu humu Seattle. Kila Aprili nasikia watu uwanjani wakimlalamikia mpigaji wetu Julio Rodríguez kwamba hapigi. Jamani, huyu ni mtu wa kiangazi. Agosti 2023 alipata hiti 17 (mapigo safi yanayomfikisha mpigaji kwenye kituo) katika mechi nne, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake. Isitoshe, hewa ya baridi inayotoka baharini huuzuia mpira majira haya. Pigo ambalo Julai lingevuka ukuta, Aprili linaishia kwenye glavu ya mlinzi wa nje. Kwa hiyo mwezi huu siwapimi wapigaji. Macho yangu yako kwa warushaji, mabega na viwiko vyao. Logan Gilbert, George Kirby na Bryan Woo wakifika Septemba wakiwa wazima, kundi la Magharibi ni letu tena.

Lakini mwandishi wenu mwingine naye alikosea aliposema mechi za sasa hazina uzito. Zina uzito mkubwa kuliko zamani! Tangu 2022 hakuna tena mechi ya ziada ya kuamua kati ya timu zilizomaliza sawa. Anayepita ni yule aliyemshinda mwenzake mara nyingi zaidi walipokutana. Mwaka jana Mets na Cincinnati Reds walimaliza sawa, 83 kwa 79, na Reds wakapita kwa sababu hiyo. Houston Astros na Detroit Tigers nao walimaliza sawa, 87 kwa 75, na Astros wakakosa mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2016. Kwa hiyo mechi ya Jumanne ya baridi dhidi ya mpinzani wa nafasi hizo za mwisho inaweza kukurudia miezi mitano baadaye.

Ombi langu basi: chapisheni msimamo mzima wa timu zote 30, si matokeo ya Los Angeles Dodgers na habari za nyota wao Ohtani peke yake. Tuonyesheni kila timu iko nyuma kwa mechi ngapi kuifikia nafasi ya sita ya upande wake, American League au National League, maana sita kila upande ndizo zinazopita. Na pembeni mtuwekee nani amemfunga nani.

Utabiri wangu? Dodgers watafika Oktoba, sina shaka. Wametwaa ubingwa miaka miwili mfululizo na hazina yao ya warushaji ni kubwa mno. Toronto Blue Jays watafika pia. Na Mariners watafika, na safari hii watavuka. Sisi ndio timu pekee ambayo haijawahi kucheza World Series, yaani fainali ya ubingwa. Oktoba iliyopita, katika mechi ya saba dhidi ya Toronto ya kuwania kuingia fainali hiyo, tulikuwa mbele 3-1 hadi George Springer alipopiga pigo la pointi tatu katika ingi (awamu) ya saba kati ya tisa. Wengi wa wachezaji walioumia moyo usiku ule wamerudi, akiwemo Cal Raleigh aliyepiga mipira 60 nje ya uwanja msimu huo. Kikosi cha namna hii hakihukumiwi kwa wiki tatu za baridi.

Msomaji wenu,
Shabiki wa Mariners, Seattle