Odoyo naye apewe ukurasa wake

Mhariri,

Kriketi ya Kenya ikitajwa, majina yanayotangulia ni Steve Tikolo na Maurice Odumbe. Wanastahili, wala sina ugomvi nao. Ila mwenzao Thomas Odoyo hutajwa mwishoni, pamoja na "wengineo", na jambo hilo linaniuma.

Mimi ni mwandika alama. Tangu miaka ya tisini nimekaa kando ya viwanja vya klabu hapa Nairobi, daftari mezani na penseli mkononi. Mpigaji hodari hung'ara timu yake ikipiga, kisha husahaulika hadi mechi nyingine. Mrushaji naye hivyo hivyo. Odoyo alikuwa akinipa kazi kutwa nzima. Alianza na mpira mpya, nami nikawa naweka nukta baada ya nukta, moja kwa kila mrusho; zikitimia sita bila mkimbio, yaani bila mpigaji kupata alama, unaziunganisha ziwe herufi M. Zamu ikigeuka, wiketi zikishaanza kupukutika, yaani wapigaji wetu wakitolewa mmoja mmoja, ni yeye tena anayeingia na gongo kutafuta mikimbio ya kuokoa jahazi. Mchezaji kiraka wa aina hiyo hukosa sifa kwa sababu kazi yake imegawanyika, na watu huhesabu nusu tu.

Alianza kuichezea Kenya kwenye Kombe la Dunia la 1996 akiwa na miaka 17. Mjini Pune, siku tuliyowaangusha West Indies, Kenya ilipata mikimbio 166 tu. Wiketi zilikuwa zimeporomoka, na kijana huyo pamoja na Hitesh Modi ndio waliosaidia kuivuta hesabu ifike hapo. West Indies walitolewa kwa 93. Odumbe akatawazwa mchezaji bora, na ilikuwa haki yake. Lakini bila mikimbio ile ya wapigaji wa chini kwenye orodha, angekuwa anatetea nini?

Odoyo alicheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996 hadi 2011, ikiwemo 2003 tulipofika nusu fainali. Alikuwa wa kwanza kutoka nchi isiyo na hadhi ya kucheza Testi, zile mechi za kimataifa za siku tano, kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Mwaka 2007 aliwapiga Canada mikimbio 111 bila kutolewa, na mwaka huo huo Baraza la Kimataifa la Kriketi likamtunuku kuwa mchezaji bora wa nchi wanachama washirika, yaani zile zisizo na hadhi ya Testi. Timu ya Afrika ilipokutana na ile ya Asia, 2005 na 2007, naye alikuwemo.

Wasomaji wako wamlinganishe na Jacques Kallis wa Afrika Kusini, ambaye dunia nzima inamtambua. Wote wawili walianza mechi za siku moja mapema 1996 na kumaliza 2014. Kallis alipata mechi 328, Odoyo 136. Simsemi Odoyo kuwa mpigaji wa kiwango cha Kallis, la hasha. Mikimbio yake 2,420 haikaribii ile ya Kallis, inayozidi 11,000. Lakini tazama urushaji: Kallis wiketi 273, Odoyo 145. Huyu wetu alipata zaidi ya wiketi moja kwa kila mechi, Kallis hakufikia hapo. Na Kallis alikuwa na mechi 166 za Testi za kumnoa, ilhali Odoyo hakucheza hata moja kwa kuwa Kenya haikupewa hadhi hiyo. Bangladesh waliipata mwaka 2000, nasi tukawafunga katika Kombe la Dunia la 2003.

Baada ya kustaafu alirudi kuifundisha timu ya taifa, wakati mgumu, hadi alipojiuzulu 2018. Hilo nalo ni sehemu ya kazi yake.

Ombi langu, Mhariri: mtume mwandishi wenu akaketi naye, amuulize jinsi alivyokuwa akiupindisha mpira mpya na alichokuwa akiwaza akiingia kupiga timu ikiwa taabani. Asimulie mwenyewe, angali yupo nasi. Vijana ninaowaandikia alama siku hizi hawamjui, na baadhi yao wana kipawa cha kupiga na kurusha pia. Madaftari yangu ya zamani ninayo bado, yamefungwa vizuri kwa kamba. Mwandishi wenu akiyahitaji, nitamwachia atoe nakala za kurasa zote zenye jina la Odoyo. Ajiandae tu, ni nyingi.

Mwandika alama,
Ngara, Nairobi