Mwenye nyumba ya likizo kakalia dipoziti yetu, sasa anataka kutupa nusu tumalizane. Nikubali?

Ndugu zangu habari zenu, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Tulikodi nyumba ya likizo kwa wiki moja, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe. Nyumba ilikuwa nzuri sisemi uongo, tulikaa kwa raha na tukaondoka tumefurahi, shida imeanza tulipokwisha kuondoka.

Kodi tulilipa kwa kadi kupitia tovuti tuliyoikutia nyumba. Dipoziti, yaani dhamana, ikawa kivyake, mkataba aliotutumia mwenye nyumba unasema ilipwe benki kabla ya kukabidhiwa funguo, na namba ya akaunti iliyoandikwa mle ni ya msimamizi wake, yule yule aliyetupokea. Si hela ndogo, ni karibu nusu ya kodi yenyewe. Na mkataba huo huo una kipengele kinachosema dhamana itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya mpangaji kuondoka, ikishakatwa gharama za uharibifu uliothibitishwa. Nimekisoma hicho kipengele mpaka nimekikariri.

Siku ya kuondoka msimamizi alikuja mwenyewe. Alizunguka na mume wangu vyumba vyote, akafungua makabati, akahesabu taulo na vyombo, akapokea funguo akasema kila kitu kiko sawa, hela yenu mtaiona. Fomu ya makabidhiano hakuleta, alisema wao hawana utaratibu huo. Ila jioni yake akanitumia meseji kunishukuru kwa kuiacha nyumba safi, na hiyo meseji ninayo mpaka leo.

Siku 14 zikapita kimya. Nikamwandikia msimamizi kwa upole kabisa, akanijibu kwamba mwenye nyumba hajamruhusu kuitoa. Nikamwandikia mwenye nyumba, naye akasema hela iko kwa msimamizi ongea na yeye. Nikirudi kwa msimamizi ananirudisha kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba ananirudisha kwa msimamizi, yaani mpira tu wanapasiana na mimi ndo nakimbizana nao. Mwisho nikaandika barua pepe moja nikawaweka wote wawili humo, nikawaambia naomba mniambie kwa maandishi hela yangu anayo nani, itarudi lini, na kama kuna kitu mmekata nionyesheni ni nini na risiti yake iko wapi. Hapo ndo ghafla yakaibuka madai ya uharibifu, ambayo hayakuwahi kutajwa na mtu yeyote kabla sijaanza kudai changu!

Wanasema tumefanya mambo matatu. Kwanza kioo cha meza ya sebuleni kina ufa, pili godoro la chumba cha watoto lina doa, tatu nyumba ilihitaji usafi wa ziada. Wamejumlisha, na jumla ikaangukia palepale kwenye kiasi cha dipoziti, haikupungua wala kuzidi. Risiti hakuna hata moja, makadirio ya fundi hakuna, wametuma picha tu.

Sasa nieleze moja moja maana hapa ndipo nataka mnisaidie kupima kama nina kesi au sina.

Kioo. Mtoto wetu mkubwa ana tabia ya kurekodi kila tunakoenda, na tulipoingia tu mle ndani alipita na simu chumba kwa chumba kabla hata hatujashusha mabegi. Kwenye ile video meza inaonekana vizuri na ule ufa upo, umeanzia kwenye kona ile ile wanayoonyesha kwenye picha yao. Faili halisi bado liko kwenye simu yake na linaonyesha tarehe na saa lilipopigwa, sijalihariri wala kulikata. Nilikuja kujua kwamba picha zikipitishwa WhatsApp zinapoteza zile taarifa za ndani za tarehe na mahali, kwa hiyo nimeweka nakala ya video kama ilivyo sehemu mbili tofauti na nilichowatumia wao ni skrinishoti tu. Toka nimewatumia hiyo skrinishoti suala la kioo hawalitaji tena, lakini pia hawajaliondoa kwenye hesabu.

Godoro ndo wanang'ang'ania. Picha yao haina tarehe, na kitu kilichonishtua ni kwamba pazia linaloonekana nyuma ya kitanda siyo lile lililokuwepo sisi tukiwa pale, la kwetu lilikuwa la rangi moja na hili lina maua. Alafu kuna hili la wageni. Madai yao yalikuja wiki kadhaa baada ya sisi kutoka, na katikati hapo kuna familia nyingine ilikaa, najua kwa sababu wameandika maoni yao kwenye ukurasa wa nyumba na wamevisifia vitanda. Sasa mimi najiuliza, kama watu wengine walilala juu ya godoro hilo baada yetu, doa unalipachika kwa nani? Na hata tuseme ni letu, wanataka bei ya godoro jipya kabisa wakati lile lilishaanza kubonyea katikati. Navyoelewa, mwenye nyumba anadai thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika, siyo mgeni amnunulie kipya. Na uchakavu wa kawaida wa kukaa watu haukatwi kwenye dhamana, kodi yenyewe si ndo inalipia hayo.

Usafi nisiseme mengi, kwenye malipo ya mwanzo kulikuwa na chaji ya usafi na tuliilipa, iko kwenye risiti ya kadi. Wanataka kutulipisha mara ya pili kazi ile ile, na meseji ya shukrani ya msimamizi wao inawapinga wenyewe.

Njia nilizojaribu. Tovuti tuliyokodia nyumba walinijibu kistaarabu kwamba dipoziti haikupita kwenye mfumo wao kwa hiyo hawawezi kuirudisha, ila wamefungua malalamiko kwenye akaunti ya mwenye nyumba na wakaniomba ushahidi, nimewatumia. Sijui hayo malalamiko yana nguvu gani. Nimesoma kwamba Airbnb kwa mfano, mwenye nyumba anayedai uharibifu anatakiwa aombe fidia ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke, sisi hatukupitia huko lakini angalau inanionyesha kuwa mtu kuibuka na madai ya doa baada ya wiki kibao siyo jambo la kawaida kwenye biashara hii.

Benki nao nilienda. Kama dipoziti ingekuwa imelipwa kwa kadi ningeweza kupinga muamala, yaani kuomba benki inirudishie hela, na kwa Visa na Mastercard muda wa kufanya hivyo mara nyingi ni siku 120. Lakini hela iliyohamishwa akaunti kwenda akaunti ni habari nyingine, wakaniambia wanaweza kupeleka ombi la kuirudisha lakini aliyepokea lazima akubali. Waliomba, msimamizi akakataa, ikaishia hapo. Kuna mtu akanishauri nipinge malipo ya kodi yaliyopita kwenye kadi ili nijifidie, hilo nimelikataa, nyumba tuliitumia na kodi ilikuwa halali yao, na mimi sitaki kudai haki yangu kwa uongo.

Rafiki yangu mwingine alinitumia habari za Uingereza na Wales, kwamba kule tangu 2007 mwenye nyumba akipokea dhamana ya mpangaji lazima aiweke kwenye mpango maalumu unaotambulika, na wakigombana kuna mtu wa kati anaamua. Nilifurahi nikadhani nimepata pa kushika, kumbe sheria ile ni ya wapangaji wa kukaa na nyumba za likizo haziwahusu. Nimelitaja hili kwa sababu nimeona watu wengi wanachanganya, sheria za dhamana ya nyumba ya kuishi na za nyumba ya mapumziko mara nyingi siyo sheria moja, kwa hiyo mkinishauri naomba mlizingatie.

Imebaki mahakama ya madai madogo. Hiyo najua sehemu nyingi unaweza kwenda bila wakili, ada yake siyo kubwa sana na ukishinda unaweza kudai urudishiwe, na kabla ya kufungua wanapenda kuona ulimwandikia mwenzako barua rasmi ya madai ukampa muda wa kulipa. Barua nimeshaiandika ila sijaituma. Nimeweka tarehe za kuingia na kutoka, kiasi, kipengele cha mkataba, orodha ya ushahidi, na mwisho nimesema nisipolipwa ndani ya siku 14 nitafungua madai. Mume wangu ameisoma akasema ni kali, mimi naona ni ya haki na sijamtukana mtu.

Sasa kilichofanya niwaandikie leo. Juzi baada ya kimya kirefu mwenye nyumba ameniandikia mwenyewe, kwa lugha tamu kweli kweli, anasema tusifike mbali, atanirudishia nusu. Ila kwa masharti mawili. Nisaini karatasi kwamba hatudaiani chochote, na niandike maoni mazuri kuhusu nyumba yake, nyota zote. Amenipa hadi Ijumaa, nisipojibu anasema atachukulia nimekataa na hatanirudishia kitu.

Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anasema chukua nusu tupumzike, mambo ya mahakama yatatula muda na hela na mwenye nyumba anaishi nchi nyingine, hata tukishinda tutamkamata wapi. Mama mkwe ndo amekuja juu kabisa, anasema tukikubali nusu, huyo mwenye nyumba ataifanyia na familia inayofuata hivyo hivyo. Mimi niko karibu na mama mkwe lakini namuelewa pia mume wangu, hela hiyo tunaihitaji na nusu ya leo mkononi si sawa na kukosa.

Maswali yangu ni haya. Je, naweza kupokea hiyo nusu kama sehemu ya deni bila kusaini ile karatasi, yaani nimwandikie kwamba naipokea na salio bado nadai? Au nikiingiziwa tu akaunti itahesabika nimekubali yote? Hili ndo kubwa kuliko yote kwangu.

Nikifungua madai, nimshtaki nani, mwenye nyumba ambaye jina lake ndo liko kwenye mkataba, au msimamizi ambaye hela iliingia kwake, au wote wawili kwa pamoja? Msimamizi anaishi hapo hapo nyumba ilipo na nimeona kupatikana kwake ni rahisi zaidi, lakini naogopa atasema yeye ni wakala tu. Na kwa kuwa nyumba iko nchi nyingine na sisi tunakoishi, madai yanafunguliwa kwao au kwetu? Nimesoma kwamba nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa pamoja wa madai madogo ya kuvuka mpaka yasiyozidi euro 5,000, sisi hatuko huko, je kuna mtu amewahi kumdai mtu wa nchi nyingine nje ya utaratibu kama huo akafanikiwa?

Na kuhusu maoni. Maoni mazuri ya kulipwa sitaandika, hilo nimeshaamua, watu wanatoa hela zao wakiamini yale maandishi. Ila nataka kuandika ukweli, kwamba nyumba ni nzuri na dipoziti haijarudi, tarehe hizi na hizi, bila kumuita mtu mwizi. Niandike sasa hivi au nisubiri mpaka hela irudi? Dada yangu anasema nikiandika sasa nimetupa silaha yangu pekee na pia anaweza kusema namchafulia jina, mimi nahofia nikichelewa dirisha la kuandika litafungwa maana tovuti inatoa muda maalumu.

Naomba hasa aliyewahi kupitia hili anijibu, au anayejua sheria, aniambie alianzia wapi na barua yake aliituma kwa njia gani, barua pepe inatosha au lazima iende kwa posta ya kusainiwa. Ijumaa iko karibu na sitasaini chochote kabla sijawasikia.

Asanteni sana.

Msomaji wenu